Tatizo si bushi, ni tundu lake

Mkulima anayepeleka pawatila kwa fundi kubadilishiwa bushi hutarajia kazi hiyo imfikishe mwisho wa msimu. Mara nyingi haimfikishi. Baada ya wiki chache pini huanza kucheza, na lawama zote huiangukia bushi kwamba ni feki. Katika karakana nyingi za uani, hata hivyo, kosa huwa ni la tundu.

Drili, hata iwe kali namna gani, huacha tundu lililozidi kipimo kidogo na lisilo duara kamili. Pini ikiingia humo hugusa sehemu chache tu, na hizo ndizo huliwa kwanza. Kulimaliza tundu ni kazi ya rima, chombo chenye meno marefu ubavuni kinachokwangua kidogo sana. Rima ya milimita 12 iliyoandikwa H7, ikitumiwa vizuri, hutoa tundu lisilozidi kipimo kwa zaidi ya milimita 0.018.

Inashangaza basi kuona fundi aliyetoa mamilioni kununua mashine ya kukereza akisita kununua rima. Wengine hukimbilia seti nzima ya bei poa, ambayo nusu yake haitaguswa kamwe. Ni heri mbili au tatu za vipimo vinavyoletwa kila wiki. Anayeanza achukue ya mkono, yenye mkia wa pembe nne, kwani ncha yake imepunguzwa taratibu na hujiongoza yenyewe.

Rima nzuri nayo huharibiwa kwa siku moja. Tundu la 12 litobolewe kwanza kwa drili ya 11.8. Likiachwa dogo mno meno hujaa vyuma. Likiachwa kubwa mno rima husugua badala ya kukata, ikawa butu. Kwenye mashine, mwendo uwe nusu ya ule wa drili au chini yake. Isizungushwe kinyumenyume, hata wakati wa kuitoa. Wala rima hainyooshi tundu lililopinda. Hulifuata hivyo hivyo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba bushi ikishagongwa mahali pake, tundu lake hubana. Rima ipitishwe baada ya hapo, si kabla.

Mafundi husema wateja hawataki kulipia kazi hiyo. Huenda ni kweli, lakini ni wateja wangapi wamewahi kuelezwa? Mkulima apeleke pini yake pamoja na bushi, na kabla ya kutoa fedha aione ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo na bila kutikisika.