Mlima Hauna Kadi ya Chama

Vijana wenzangu, makamanda wa mtandaoni na wa mtaani, leo siongelei katiba wala tume ya uchaguzi. Naomba tuongee kuhusu udongo.

Kila masika, mvua ikipitiliza usiku, nampigia bibi yangu kule Mgeta, juu ya Milima ya Uluguru. Habari za kabichi zinasubiri. La kwanza ni moja tu: "Bibi, korongo la nyuma ya nyumba linasemaje?" Akiniambia limenyamaza, nalala. Akisema linaunguruma, namwambia ahamie kwa shangazi usiku huo huo. Hiyo ndiyo tahadhari ya maafa tuliyonayo kwenye familia yetu: bibi kizee na salio la simu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tuliona wote kilichotokea Katesh. Tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wakafa. Viongozi walikwenda, misaada ikaenda, nyumba zikajengwa kwa walionusurika. Hilo silipingi, na anayelipinga hana utu. Ninachouliza ni hiki: kabla ya maiti ya kwanza kulikuwa na nini?

Maana msidanganywe kwamba haya mambo ni mageni. Februari 1970, mvua ya saa chache tu ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 huko huko Mgeta kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, akina Paul Temple na Anders Rapp, walipanda milima ile, wakahesabu na kupima, na mwaka 1972 wakachapisha. Waligundua kwamba karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba, vishamba vilivyoachwa na maeneo ya nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia 1.

Sababu si uchawi. Udongo wa mteremkoni umelalia mwamba. Maji yakijaa humo, udongo unakuwa mzito na unalegea. Mizizi mirefu ya miti inaushikilia, mizizi ya kabichi haiwezi. Ndiyo maana hata tuta, ambalo ni zuri kwa kuzuia maji yasichukue udongo wa juu, peke yake halizuii mlima kuporomoka. Tuta linatuliza maji, na maji yaliyotulia yanazama chini. Kwenye mteremko mkali lazima kuwe na mti na mfereji wa kuyatoa.

Sasa tuambizane ukweli, maana hapa panatugusa sisi wapinzani. Kuanzia 1950 mkoloni aliwaamuru Waluguru kuchimba matuta. Asiyechimba, faini au jela. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mara nyingi matuta yalifukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usiozaa. Watu wakagoma. Julai 1955, Matombo, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, chama cha upinzani cha wakati ule, kilivuna wafuasi wengi kwenye hasira ile.

Wananchi walikuwa na haki kabisa kugoma. Lakini miaka 15 baadaye mvua ilipokuja, mlima haukumuuliza mtu alikuwa upande gani. Kugomea tuta hakukuotesha mti. Na warithi wa TANU wamekaa madarakani miaka yote hii, utafiti ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba. Bibi yangu hajawahi kuusikia. Bwana shamba mwenyewe, mara ya mwisho alimwona msimu ambao hata haukumbuki vizuri.

Kwa hiyo nasi tusifanye mchezo ule ule. Ni rahisi kusimama jukwaani milimani na kupiga kelele, "Hakuna atakayewagusa!" Utapigiwa makofi. Ni rahisi pia kukaa Dar na kusema, "Wakulima wanaharibu mazingira, waondolewe!" Huku maji unayokunywa ni ya Ruvu, unaoanzia kwenye milima hiyo hiyo. Kishamba kile cha mteremkoni ndicho kilichonilipia ada. Ukimwambia bibi akiache, mwambie pia atakula nini.

Mimi nataka chama chetu kidai mambo matatu. Mosi, ramani ya miteremko hatari ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji cha milimani, kwa Kiswahili. Kila mlima upimwe kivyake, maana Hanang si Uluguru. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka kijijini. Basi ziwe na kipimo cha mvua, filimbi na mtu anayejulikana wa kuipuliza, siyo majina kwenye faili. Tatu, miche ya bure ya kupanda penye vichwa vya makorongo, na fidia kwa mkulima anayekubali kuacha kipande kikali zaidi. Hiyo fidia ni bei ya usalama wa wote walioko bondeni.

Na kazi ya kwetu? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wewe uliyetoka Uluguru, Usambara, Upare, Rungwe au Hanang, ukienda nyumbani hudhuria. Simama, uliza swali moja: "Mvua kubwa ikija usiku huu, nani atatuamsha?" Wakikosa jibu, rudi mkutano unaofuata uliulize tena. Ukiwa na wenzako kumi, bora zaidi.

Masika yanakuja. Sitaki tena kulinda kijiji kizima kwa salio langu la simu.