Nani Ameshika Faili la Mgonjwa?

Mtu akipatwa na saratani ya mapafu, ugonjwa wenyewe ni mzigo. Lakini upo mzigo wa pili, nao ni kuzunguka hospitali. Eksirei imeonyesha doa; sasa yatakiwa picha ya CT. Kisha kichukuliwe kinyama pafuni, kipelekwe maabara, majibu yangojewe, ndipo aonwe daktari wa upasuaji, wa mionzi au wa dawa. Kila hatua ina tarehe yake, dirisha lake na malipo yake. Wengi hupotelea hapo katikati, na uvimbe hausubiri.

Aliyeliona jambo hili mapema ni Dk. Harold Freeman, mpasuaji katika hospitali ya Harlem, New York. Wanawake maskini walimfikia saratani ya matiti ikiwa imekwisha kuenea. Mwaka 1990 aliweka waongozaji wa wagonjwa. Hawakuwa madaktari, kazi yao ilikuwa kumshika mkono mwanamke aliyeonekana na uvimbe mpaka afike kwenye matibabu, hata kama kikwazo ni nauli, karatasi za bima au hofu tu. Zamani, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale, 39 ndio walioishi miaka 5. Baadaye, kwa uchunguzi wa bei nafuu pamoja na waongozaji hao, walifika 70. Siku hizi kazi hiyo imeingia pia katika kliniki za mapafu huko Marekani.

Kwetu Afrika Mashariki mwongozaji huyo kwa kawaida ni mke, dada au binti. Na kazi anayo, maana kikohozi kisichopona mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, na miezi hupita kwa dawa zisizohusika. Basi ulizeni: makohozi yalionyesha vijidudu vya TB? Kama hayakuonyesha, na dawa hazisaidii, picha irudiwe lini? Msikubali pia jamaa wamsute mgonjwa kwa sigara. Aliyeaibishwa huficha dalili, na wapo wanaougua bila kuvuta hata moja.

Faili lishikwe na mtu mmoja, si kila mtoto na karatasi yake. Kabla ya kutoka kwa daktari, andikeni hatua inayofuata, siku yake na jina la atakayewapokea. Majibu ya kinyama yakitoka, ombeni nakala. Hospitali ya pili itayataka, na kurudia kipimo kile ni fedha nyingine na wiki nyingine za kungoja.