Kicheko Katika Kivuli cha Magere

Swali la iwapo katuni ya kuchekesha inamfaa shujaa aliyezoeleka kuwa wa kiza na huzuni limejadiliwa sana kuhusu Batman wa Wamarekani. Katika Nyanza Kusini swali hilo lina majina ya nyumbani. Uriri, katika Kaunti ya Migori, ni nchi ya Kanyamkago. Jirani yake, Ndhiwa katika Homa Bay, ndiko iliko Kanyamwa ya Gor Mahia, mganga aliyeogopwa na ambaye husimuliwa kwamba alijigeuza umbo apendavyo. Kaskazini zaidi, katika nyanda za Kano, kuna kisakale cha Lwanda Magere. Wapo wanaoshikilia kwamba mashujaa wa namna hii wasiguswe na kicheko: kuwatia katika katuni ya watoto ni kuwavunjia wahenga heshima na kuiua tanzia. Msimamo huo umejivika joho la kuulinda utamaduni. Kwa hakika unaulinda utamaduni dhidi ya warithi wake.

Kisakale cha Magere kinajulikana. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mkuki na mshale havikumpenya. Maadui zake, ambao masimulizi mengi huwataja kuwa Wanandi, waliposhindwa vitani walimpelekea binti mrembo awe mkewe. Siku moja shujaa aliugua, akamwagiza mke huyo amchanje dawa, si mwilini bali kivulini. Kivuli kikatoka damu. Binti akatoroka, akaifikisha siri kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ulikichoma kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe. Mwaka 1991 Okoiti Omtatah alimleta shujaa huyu jukwaani katika tamthilia iliyobeba jina lake.

Hoja ya wanaokipinga kicheko isidharauliwe. Wanasema tanzia hutaka uzito, na kwamba mtoto aliyezoea kumcheka Magere hataweza kumlilia. Wanasema pia kwamba katuni za kibiashara huogopa mauti, hivyo zitamwokoa shujaa dakika ya mwisho na kumpa mtazamaji usingizi mwema. Super Sema, katuni ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, ni changamfu toka mwanzo, na uchangamfu wake haumkosei mtu. Lakini Sema ni shujaa aliyebuniwa upya, hana kaburi wala ukoo. Magere ana vyote viwili. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kila mtetezi wa kicheko hana budi kuijibu.

Jibu la kwanza limo katika fasihi simulizi yenyewe. Waluo hawakuwa na uwanja mmoja wa kusimulia. Palikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, ambapo wanaume waliota moto na kuzungumza mambo mazito ya ukoo na vita. Palikuwa pia na siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala, wakategeana vitendawili na kusikiliza sigana. Maarifa ya ukoo hayakuishia duol. Yaliingia siwindhe kwa sauti nyingine, kwa nyimbo, kwa kuigiza na kwa vicheko. Mtambaji hodari huipima hadhira yake kabla ya kufungua kinywa. Anayedai kwamba shujaa ana sauti moja tu, nayo ni ya matanga, ameusikia mlango mmoja wa boma na kuusahau wa pili. Aidha, uzito huo anaouita asili umetiliwa nguvu na kitabu kilichochapwa na mtihani wa shule, vyombo ambavyo huigandisha simulizi moja na kuzinyamazisha nyingine.

Jibu la pili linatoka pwani. Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamhusu shujaa anayefanana na Magere kwa mengi: naye hapenyeki na silaha, naye ana siri moja mwilini, naye anauawa na mtu wa nyumbani, mwanawe aliyehongwa, kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna tanzia nzito kuliko hiyo katika Kiswahili. Hata hivyo, ni Liyongo huyohuyo anayeletewa gerezani mkate wa makapi uliofichwa tupa ndani yake, akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikirindima nje na walinzi wasisikie kitu. Ni yeye ambaye maiti yake, ikiwa imepiga goti kisimani na uta mkononi, iliwatia watu hofu hata wakashinda na kiu kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Msikilizaji hucheka, kisha hukumbuka kwamba anayechekwa ni mji unaomwogopa mtu aliyekwisha kuuawa. Kicheko hapo hakiipunguzi tanzia, huichonga makali.

Batman naye hutajwa kama ushahidi wa upande wa kiza, kumbe historia yake inasema kinyume. Alizaliwa mwaka 1939 akiwa mtu wa usiku. Mwaka 1966 televisheni ilimgeuza kuwa ramsa. Mwaka 1986 Frank Miller alimrudisha gizani. Na kati ya mwaka 2008 na 2011 katuni ya Batman: The Brave and the Bold ikamchangamsha tena. La kuzingatia ni kwamba katuni hiyo changamfu haikuifuta jeraha. Mnamo 2010 ilitoa kipindi kizima ambamo shujaa anakabiliana na mtu aliyewaua wazazi wake. Kipindi chake cha mwisho kilikwenda mbali zaidi: kiumbe mcheshi aliyechoshwa na vichekesho alifanya hila ili katuni ifutwe, ije nyingine yenye kiza. Waandishi wake waliwajua wakosoaji wao, wakawafanya wahusika.

Hatari ya kweli iko kwingine, na Gor Mahia anaionyesha. Mwaka 1968 klabu ya kandanda ilichukua jina lake. Mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Tangu hapo jina la mganga wa Kanyamwa limeimbwa viwanjani kwa furaha isiyo na mfano, hata jina la nasaba yake, K'Ogalo, likawa la mashabiki. Furaha hiyo haina lawama. Lakini jina lilisafiri peke yake, hadithi ikabaki Ndhiwa. Mtoto anaweza kutaja wafungaji mabao wa Gor Mahia na asijue kwamba palikuwa na mtu aliyeitwa hivyo. Kilichompoteza mganga huyo si kicheko, ni ukosefu wa masimulizi. Wanaoizuia katuni kwa jina la heshima wanaiongeza njaa hiyohiyo, maana mtoto wa Uriri aliyenyimwa Magere hatarudi duol kumtafuta. Atachukua shujaa aliye karibu, na aliye karibu ni Batman.

Kuna faida nyingine ambayo uzito mtupu hauwezi kuileta. Katika masimulizi ya matanga binti wa Kinandi ni msaliti, basi. Hapewi sauti, hapewi nia. Lakini kwa watu wake binti huyo ni shujaa aliyejitoa mhanga peke yake kati ya maadui. Ucheshi, ambao siku zote humvua mkubwa kilemba na kumpa mdogo nafasi ya kusema, unaweza kumruhusu azungumze, amcheke mume wa jiwe anayeogopa wembe, na aogope pia. Katika nchi ambayo mwaka 2007 na 2008 jirani alimgeukia jirani kwa sababu ya kabila, simulizi inayomfanya adui kuwa mtu si mchezo wa watoto tu.

Basi kipimo kisiwe kicheko au huzuni. Kipimo kiwe hiki: je, mauti yamebaki? Katuni inayomwacha Magere acheke, ajigambe, ateleze matopeni na kuvunja mikuki ya maadui kama mabua, kisha ikamfikisha kwenye wembe na damu ya kivuli, imeitimiza kazi ya siwindhe. Katuni inayomponya dakika ya mwisho imeisaliti, hata ikiwa na sura ya huzuni mwanzo hadi mwisho. Mchoraji apake rangi zote azipendazo, mradi asikifute kivuli.