Dini Haiingizwi kwa Kipigo

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba mke sharti afuate dini ya mumewe, na kwamba kipigo ni mambo yao ya ndani, amekosea vibaya. Mwanamke anayefichiwa rozari na kunyimwa hela ya matumizi mpaka akubali kusilimu hajaongoka, ametishwa. Vivyo hivyo Mwislamu anayepelekwa kubatizwa huku shavu limevimba. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Kurani nayo, sura ya Al-Baqarah, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Mashehe na mapadri, nawasihi: mwanamke akiletwa kwenu abadili dini, zungumzeni naye kwanza peke yake, mumewe akiwa nje.