Tusomeshe Wathamini Wetu

Sisi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, tulio ughaibuni tunatofautiana kwa mengi, lakini fedha zetu nyingi huishia mahali pamoja, nako ni ardhini. Huyu anatuma ya kiwanja Omurushaka, yule ya kibanja, yaani shamba la migomba, Nkwenda, mwingine anamalizia nyumba ya wazazi Nyaishozi. Na karibu sote tunatuma kwa mtindo uleule: simu kutoka nyumbani, bei aliyoitaja dalali, baraka za mjomba, kisha karatasi ya mauziano yenye mhuri wa kijiji. Mhuri huo unathibitisha kwamba watu wameuziana. Kama kilichouzwa kinalingana na fedha iliyotolewa, hakuna aliyeulizwa.

Jarida hili linasema wazi: wilaya zetu mbili zinahitaji wathamini wake wenyewe, yaani wataalamu wa kupima thamani ya ardhi na majengo, na jumuiya yetu ya ughaibuni inao uwezo wa kuwasomesha.

Dalali tunamjua, wala hatumtukani, anatafuta riziki. Lakini dalali hulipwa biashara ikifungwa. Mthamini hulipwa hata akikwambia usinunue. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutufanya tumtafute mthamini kabla ya kwenda kwa wakala wa kutuma fedha.

Mthamini akiingia kwenye kibanja cha Mabira au Kaisho, haridhiki na ukijani wa migomba. Anazunguka mipaka akiwa na mwenye shamba, majirani na kiongozi wa kijiji. Anahesabu mibuni na kuitenga kwa umri: michanga, iliyoanza kuzaa, iliyokomaa, iliyochoka. Anafanya vivyo hivyo kwa migomba, miparachichi na mikaratusi ya mpakani. Anaangalia kama ugonjwa wa mnyauko umeingia, maana shamba laweza kupendeza leo na msimu ujao likabaki vichaka. Akifika kwenye nyumba anapima kuta, anaandika kama tofali ni za kuchoma au mbichi, sakafu ni ya saruji au ya udongo, bati ni jipya au limeshika kutu. Choo, tangi la maji na uzio navyo vinaandikwa. Makaburi hayarukwi. Halafu inakuja kazi isiyoonekana: kuuliza mashamba ya jirani yaliuzwa lini, kwa bei gani, na muuzaji aliuza kwa hiari au alibanwa na ada ya shule au deni la hospitali. Bei ya mtu aliyebanwa si bei ya soko, na mthamini anayeijua kazi yake haitegemei.

Kazi hii ina sheria yake. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini na kuweka wazi mamlaka ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Asiyesajiliwa akijifanya mthamini anavunja sheria. Benki inayotaka kuchukua nyumba yako ya Kayanga kama dhamana itadai ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na fidia ya ardhi hailipwi mpaka uthamini wake uidhinishwe na Mthamini Mkuu.

Kwenye fidia ndiko watu wetu wanakoumia zaidi. Barabara zinakuja, na tunazitaka. Lami ya Kyaka hadi Bugene imebadilisha safari ya Karagwe, na watu wa Kyerwa wana hamu ileile na barabara yao ya kwenda Murongo. Lakini Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mwenye nyumba pembeni anaamka na kukuta alama ya X ukutani. Ikiwa nyekundu, anatakiwa kubomoa bila malipo. Ikiwa ya kijani, anasubiri fidia. Hapo ndipo fomu zinapoletwa, na mzee anaambiwa weka dole gumba hapa.

Ni wangapi kati ya wazazi wetu wanajua fidia inajumuisha nini? Sheria za ardhi za 1999 zinataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri na faida iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa. Wenzetu wa Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo wamekwisha kuyapitia haya, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepita kwao, na mazao yao yamehesabiwa na kupewa bei. Sisi hatujui zamu yetu itakuja na mradi gani. Tunachoweza kuchagua ni kama siku hiyo atakuwapo mtoto wa nyumbani anayeisoma fomu na kumweleza bibi kila mstari.

Kuna na mirathi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Ephrahim na Pastory, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kama mwanamume. Holaria Pastory alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akaenda kuupinga uuzaji huo. Haki hiyo ilipatikana mahakamani, lakini kwenye vikao vya familia bado binti hupewa kipande cha rweya, yaani ardhi ya nyasi, huku kaka zake wakigawana migomba na mibuni, kisha wote wanaambiwa wamegawana sawa. Ripoti ya mthamini ikiwekwa mezani, usawa unasomeka kwa shilingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu kubwa ni ardhi.

Basi kijana aanzie wapi? Nyumbani njia inajulikana. Afanye vizuri kidato cha sita, hasa hesabu, jiografia na uchumi, kisha aende Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kwa shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini. Asiyefikia huko anaweza kuanza na cheti au stashahada ya fani ya ardhi katika Chuo cha Ardhi Tabora, akapanda ngazi. Baada ya masomo atafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, aandae ripoti na kukosolewa, hadi Bodi iridhike naye. Miaka hiyo ya mwanzo ni ya pikipiki, vumbi na futi ya kupimia, na mshahara wake haujengi ghorofa. Wengi huishia njiani kwa kukosa ada au mtu wa kuwashika mkono.

Na vijana wetu walioko Marekani wasidhani habari hii haiwahusu. Huko mwanafunzi wa fani hii huanza na masomo ya darasani. Ili apate leseni ya kuthamini nyumba za kuishi anahitaji masomo zaidi, saa 1,000 za kazi chini ya msimamizi kwa muda usiopungua miezi 6, na mtihani. Shahada ya chuo si sharti kwa leseni hiyo, ingawa kila jimbo laweza kuongeza masharti yake. Kizingiti kikubwa ni kumpata msimamizi, kwa sababu wathamini wengi hufanya kazi peke yao na hawana haraka ya kumfundisha mshindani wa kesho. Leseni hiyo haimruhusu mtu kusaini ripoti ya Kayanga, lakini ujuzi unavuka mpaka: anaweza kusoma ripoti kutoka nyumbani na kutuambia kama inasimama, na anaweza kumlea kijana wa Isingiro kwa simu.

Tumesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mthamini ni gharama, hasa akiitwa kutoka Bukoba au Mwanza. Ni kweli, na ndiyo sababu tunataka awe Kayanga na Nkwenda. Ya pili ni kwamba naye anaweza kuhongwa. Anaweza. Lakini ana jina kwenye daftari la Bodi, na Bodi inaweza kulifuta. Dalali aliyekudanganya utamshtaki wapi?

Jarida hili linapendekeza mambo matatu. Kwanza, jumuiya ifungue mfuko wa kumsomesha kila mwaka kijana mmoja wa Karagwe na mmoja wa Kyerwa, wasichana wapewe nafasi sawa, kwa makubaliano kwamba akisajiliwa atafanya kazi wilayani kwa miaka kadhaa. Pili, mchango wowote wa pamoja wa kununua ardhi au jengo usitoke bila ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Tatu, wanajumuiya walio kwenye fani hii popote walipo wajitokeze ili wapangiwe vijana wa kuwasimamia.

Kwa misiba na harusi tumekwisha kuonyesha kwamba tunajua kuchanga. Mkutano mkuu ujao, kila tawi lije na majina ya vijana waliofaulu na kiasi ambacho liko tayari kutoa. Ada ya mwaka wa kwanza isisubiri mkutano mwingine.