Fedha iliyoko mfukoni si faida

Mavuno ya vitunguu yanapomalizika Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, mkulima huuza, hulipa madeni yake, na kile kinachobaki mfukoni hukiita faida. Mara nyingi sicho. Hulijua hilo msimu unaofuata, anapolazimika tena kukopa fedha za mbegu na mbolea huku akijiuliza zile za mwaka jana zimekwenda wapi.

Kwa miaka mingi semina za ujasiriamali zimewahimiza wakulima na wafanyabiashara wadogo waweke kumbukumbu. Wapo walioitikia, na madaftari yapo. Ambacho wengi hawakufundishwa ni namna ya kuyasoma na kuamua jambo kutokana nayo.

Tuchukue mfano wa ekari moja ya vitunguu. Tuseme mkulima ametumia sh. 2,400,000 kwa mbegu, mbolea, dawa, vibarua na mafuta ya pampu. Amevuna magunia 50 na kuuza kila moja kwa sh. 80,000, sawa na sh. 4,000,000. Kwa hesabu ya mfukoni amebakiwa na sh. 1,600,000.

Sasa tuongeze yale ambayo hakuyaandika. Pampu aliinunua kwa sh. 900,000 na itamfaa kwa misimu sita, hivyo kila msimu inachakaa kwa sh. 150,000. Yeye na mkewe wamefanya kazi siku 50 kila mmoja. Kwa ujira wa kibarua wa sh. 6,000 kwa siku, hiyo ni sh. 600,000. Shamba ni lake, lakini angeweza kulikodisha kwa sh. 300,000. Riba ya mkopo wa SACCOS ni sh. 150,000. Gharama kamili zinafika sh. 3,600,000, na faida inashuka hadi sh. 400,000. Wapo watakaosema kazi ya mke si gharama kwa kuwa halipwi. Sisi tunaona hapo ndipo hesabu za kilimo chetu zinapoharibika, kwa sababu familia nyingi hudhani shamba linawalisha kumbe wao ndio wanaolilisha shamba kwa nguvu zao.

Kwa hesabu hiyo, kila gunia limemgharimu sh. 72,000. Je, dalali akija na sh. 70,000 akataliwe? Si lazima. Gharama zimekwishatumika na vitunguu vinaoza. La kujiuliza siku hiyo ni kama akisubiri atapata zaidi, baada ya kutoa gharama ya ghala na vile vitakavyoharibika. Ile sh. 72,000 ni ya kutazamwa kabla ya kupanda tena: kama bei inayotarajiwa haifiki hapo, ni afadhali kupunguza eneo au kupanda zao jingine. Mkulima anayechanganya maswali haya mawili hukataa bei siku ambayo alipaswa kuuza, kisha hupanda mwaka ambao alipaswa kuacha.

Kuna na lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini tuseme magunia yale 50 yalikuwa na kilo 130 kila moja. Hizo ni kilo 6,500, yaani magunia halali 65. Mkulima anadhani ameuza gunia kwa sh. 80,000, kumbe kilo 100 zimemwendea dalali kwa takriban sh. 61,500. Daftari linaloandika magunia bila kilo haliwezi kumwonyesha hasara hiyo.

Mwenye duka naye ana lake, na hilo ni mali kauli. Akitoa bidhaa bila kulipwa huandika mauzo na kufurahia faida, lakini mwenye bidhaa za jumla anataka fedha taslimu Jumatatu. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikafungwa kwa kukosa fedha. Hivyo anahitaji ukurasa wa wadaiwa, wenye tarehe. Kumbukumbu zitamfaa pia kwa mamlaka ya kodi, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imewatofautisha wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu na wasio nazo.

Tunashauri AMCOS na SACCOS ziwaite wanachama kabla ya msimu, kila mmoja aje na daftari lake, na hesabu zifanywe humo humo badala ya mifano ya vitabuni. Maofisa ugani, ambao wamezoea kuzungumzia magunia kwa ekari, nao wakae wasikilize. Asiyejua kuandika asiachwe nyuma. Katika nyumba nyingi yupo kijana aliyesoma utunzaji wa vitabu vya hesabu sekondari, akafaulu mtihani, na ambaye hadi leo hajawahi kukabidhiwa daftari la baba yake.