Tundu la msumari
Magari ya watalii yanapita Karatu kwenda geti la hifadhi la Lodoare, lenzi ndefu kama mkono zikichungulia madirishani. Mimi kamera yangu ya kwanza ilikuwa stoo ya maharage. Mlango umefungwa, bati limetobolewa na msumari, sakafuni kijiduara cha mwanga kama sarafu. Nilidhani ni umbo la tundu. Kumbe ni picha ya jua lenyewe, imegeuzwa juu chini. Mwanasayansi Ibn al-Haytham wa Cairo aliandika juu ya jambo hilo yapata miaka elfu iliyopita, akitazama jua lililopatwa. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, huku kwetu lilimegeka tu, na chini ya bati bovu sarafu zote ziligeuka hilali. Fundi akija kuziba matundu, mwambieni aache moja.